Kioo Cheusi Siku ya Kumzika Baba

Kompyuta yangu ina ugonjwa wa kuamka. Ukiifunika inalala vizuri tu, ila siku nyingine ukiifunua haikupi sura: feni inazunguka, kitaa cha pembeni kinawaka, kioo kinabaki cheusi tii. Pale dukani kwangu Kinampanda, ninapochapa barua za watu na kutoa kopi, wateja wamezoea kunisikia naigombeza. Naifunika, naifunua, naitukana kidogo, na mara nyingi inarudi yenyewe bila kusema ilikuwa wapi. Kila fundi aliyeishika alisema lake. Mmoja alisema ni waya wa kioo, mwingine akasema ni programu, wa tatu akasema ninunue nyingine, nikamwambia asante kwa kunifumbua macho.

Nilikuwa nayo siku tulipomzika baba, kwa sababu kwenye ukoo wetu mimi ndiye ninayechapa historia ya marehemu. Aliyewahi kuzika huku kwetu anaijua karatasi hiyo. Inasomwa makaburini kwa spika: alizaliwa wapi, alisoma mpaka darasa la ngapi, alibatizwa lini, alimwoa nani, aliugua nini, ameacha mjane na watoto wangapi, na majina yao. Kwenye mahubiri watu wanaweza kusinzia, kwenye historia hawasinzii. Jina lako likishasomwa pale, wewe ni wa pale, hata asiyekupenda amesikia.

Sisi wa tumbo moja tuko watano. Wa sita alifika asubuhi ya mazishi akitokea Mitundu, amebadilisha magari njia nzima, vumbi mpaka kwenye kope. Baba alikwenda huko ujanani kupasua mbao, akiwa ameshamwoa mama na amemwacha nyumbani na mtoto wa kwanza. Alikaa misimu kadhaa akarudi, na huko nyuma akaacha mimba. Hakuna aliyetukalisha chini kutuambia. Tulikua tu tunajua, kama mnavyojua kwamba kuna chumba ambacho watoto hawaingii. Miaka yake ya mwisho baba alikuwa akipigiwa simu anatoka nje, anakwenda kuongelea karibu na zizi. Mimi nilianza kuongea na huyo mtu wa zizini baba alipougua. Ni mkubwa kwangu, namwita kaka. Ukimwona masikio huna haja ya kuuliza, ni ya baba yaliyohamishwa.

Nilimpokea, nikampa maji ya kunawa. Akanivuta nyuma ya jiko, kwenye magunia ya alizeti, akasema maneno ambayo ilionekana amekuja anayapanga njia nzima.

"Mdogo wangu, sikuja kudai shamba wala ng'ombe. Naomba nisomwe tu. Watoto wangu wananiuliza babu yao ni nani."

Nilimwambia atasomwa. Nilimjibu kwa kifua kipana, utadhani ukoo ni wangu peke yangu.

Chumbani tulikuwa mimi, mama, baba mdogo ambaye sasa ndiye mkubwa wa ukoo, na shangazi, dada yao. Ndugu zangu wengine walikuwa nje wanajifanya kuhangaika na maturubai. Ukitaka kuwajua waoga, tafuta msiba wenye jambo. Kaka aliketi kwenye kigoda karibu na mlango. Nilikwisha kuchapa historia yote pamoja na majina yetu watano, nikasevu, ndipo nikasema bado mmoja.

Hapo ndipo Kiswahili kilipokwisha. Kaka hajui Kinyiramba, kwa hiyo wazee wakahamia huko moja kwa moja, akawa anajadiliwa mbele yake huku ameweka mikono magotini, anatazama midomo ya watu. Baba mdogo alisema mtu hasomwi kwa sababu amefika. Ukoo haukuwahi kukaa kikao juu yake, hakuletwa kwa utaratibu, na siku ya kuzika siyo siku ya kupokea watoto. Shangazi alisema tunataka kumdhalilisha mjane mbele ya kanisa zima. Mimi nikawauliza yale masikio aliyaazima wapi. Nikaambiwa nina mdomo tangu utotoni, na ni kweli ninao.

Mama alikuwa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, hajasema neno tangu asubuhi. Aliposema, alisema kwa Kiswahili, ili na yule wa mlangoni asikie.

"Mwandikeni. Nilikuwa na mtoto mgongoni siku nilipoambiwa huyu amezaliwa. Nimechoka kumchukia mtu nisiyemjua. Aandikwe wa pili, ndipo penye umri wake."

Baba mdogo aliinamisha kichwa. Kwetu mjane akisema jambo mbele ya shemeji yake, na shemeji asipolikataa, limepita. Kaka alivua kofia akafunika nayo uso. Nilichapa jina lake haraka haraka, nikafuta watano nikaandika sita. Sijafanya lingine, mama akanyanyuka, akayumba, nikaifunika kompyuta nikaenda kumdaka. Tulimlaza kitandani, tukampepea kwa kitenge, tukamnywesha chai ya rangi yenye sukari nyingi mpaka macho yakatulia. Nikarudi mezani, nikafunua. Kioo kilikuwa cheusi.

Mwanzoni sikuogopa. Nilibonyeza kitufe cha nafasi, nikabonyeza vile vya kuongeza mwanga, nikafunika nikangoja nikafunua. Nikaichomeka kwenye waya uliotoka kwenye jenereta la spika, maana umeme wenyewe ulikuwa umeshakatika. Feni ilikuwa inazunguka. Nilipobonyeza kitufe cha herufi kubwa, kitaa chake kiliwaka, nikibonyeza tena kinazima. Maana yake mashine ilikuwa macho na inanisikia, ila haina uso. Hapo nikaogopa.

Nikampigia fundi wa Kiomboi. Aliniuliza kama nimesevu. Nikamwambia nimesevu yote isipokuwa mstari mmoja. Akacheka, akasema basi nibane kitufe cha kuwashia mpaka izime kabisa, niwashe upya, itarudi na ile niliyoisevu, huo mstari nitauchapa tena. Fundi wa watu, kwake ulikuwa mstari. Akaongeza kwamba inaweza kuwa ni ile taa ya nyuma ya kioo tu iliyogoma, na kama ni hiyo maandishi bado yapo, nimulike kwa tochi ya simu kwa ubavu nitayaona.

Wakati nikiwa kwenye simu shangazi alishaanza. Kwa nini mashine ikubali majina ya watoto wote halafu ifike kwa huyo mmoja ifumbe macho? Marehemu hakulitaja jina hilo humu ndani maisha yake yote, leo limetajwa, amezima taa. Nikamwambia shangazi, hii mashine ilinizimikia hata nilipokuwa nachapa tangazo la mnada wa mbuzi, sasa sijui ni marehemu gani alikuwa hawapendi mbuzi. Baba mdogo akasema taratibu kwamba mambo kama haya hayaji bure. Nilimtazama vizuri usoni nikitafuta hofu, sikuiona. Mzee wa watu alikuwa amepata mlango wa kutokea, na alinikera mno, mpaka leo ananikera.

Nikajifunika kitenge mimi na kompyuta yangu, nikamulika. Maandishi yalikuwepo. Yalikuwa hafifu, unatakiwa uinamishe kichwa ndipo uyapate, lakini yalikuwepo yote, na kwa kuwa ndipo nilipoishia kuchapa, ukurasa ulikuwa umesimama palepale penye majina. Nikatoa kichwa nikawaambia ipo, imeandikwa, haionekani tu, njooni muone kwa macho yenu. Shangazi akaisogelea kona ya mbali. Baba mdogo hakunyanyuka.

"Kitu cha kuchungulia kwa tochi siyo cha kusomwa makaburini," alisema.

Aliyekuja ni kaka. Aliingiza kichwa chini ya kitenge, nikamshikia tochi. Alifuatisha kwa kidole bila kugusa kioo, midomo inatembea taratibu, akafika kwenye jina la kaka yetu mkubwa, akafika kwenye lake, akafika kwenye langu linalofuata. Kisha akarudi juu akaanza tena. Alikuwa ananuka safari, na nilimsikia anavyopumua kwa pua. Nilitamani mashine ibaki vilevile, nyeusi, na sisi wawili tubaki mle ndani mpaka wote waliokuwa chumbani wachoke waende makwao.

Mwinjilisti akatuma mtu mara ya pili kuuliza kama historia iko tayari, jeneza linatakiwa kutoka, watu wamekaa juani. Baba mdogo akaniambia niizime hiyo niiwashe upya, tuone imebaki nini. Nilijua imebaki nini. Nikatafuta njia nyingine kichwani sikuipata: vitufe vya kusevu nilishavibonyeza, na kwa tochi niliona programu imeganda, runinga ya jirani ya kuichomekea haina umeme, waya wenyewe sina, na hata ningenakili kwa mkono ile karatasi isingepita bila mzee. Nikabana kitufe. Feni ikanyamaza.

Nilipoiwasha kioo kiliwaka bila shida yoyote, cheupe, kikaangaza mpaka ukutani. Siku nyingine ningeshangilia. Siku hiyo nilikiona kinafiki. Historia ilikuwa pale, safi, imenyooka, na mwishoni watoto watano.

Nikaweka vidole mahali pake. Baba mdogo alikuwa ameshakuja kusimama nyuma yangu, anasoma begani kwangu. Akasema iko sawa, niprinti. Nikasema bado jina. Akasema hilo kila mtu ameliona lilivyokwenda, na kama kuna anayelitaka bado, aliseme tena. Alijua anachofanya. Nikamgeukia mama, amelala ubavu kuelekea ukutani.

"Mama, nimwandike?"

Hakugeuka. "Nilishasema, mwanangu. Yalinitoka kwa kuchanika. Siwezi kuyasema mara ya pili."

Simlaumu. Nimejaribu kumlaumu na sijaweza. Yale maneno aliyakusanya miaka yote ya ndoa yake, akayatoa siku moja mbele ya watu, na hakuna mtu mwenye akiba ya namna hiyo mara mbili. Baba mdogo naye alilijua hilo, ndiyo maana akadai yarudiwe.

Bado vidole vyangu vilikuwa juu ya herufi. Ningeweza kuchapa na mzee amesimama hapo hapo, halafu angeiacha karatasi mezani asome ya kichwani, na ugomvi ungetoka nje mpaka kwenye maturubai. Nilikuwa tayari kwa huo ugomvi. Nilikuwa nautaka kabisa. Ni kaka aliyeongea, amesimama mlangoni, kofia ameshikilia kwa mikono miwili.

"Acha, mdogo wangu. Maiti imelala ndani, tusigombane."

Nikaprinti. Printa yangu nayo, niliyokuja nayo kutoka dukani na ambayo kila siku inatafuna karatasi za watu, siku hiyo ilizitoa zimenyooka zote. Baba mdogo alizikunja akaziweka kwenye mfuko wa koti na kutoka.

Makaburini alisoma mwenyewe. Ana sauti nzuri, na spika haikukwaruza hata kidogo. Alipofika ameacha mjane na watoto watano, wanawake waliokuwa wameyaona yale masikio tangu asubuhi waligeuza shingo kumtafuta mwenye nayo, halafu wakatazama chini. Kaka alikuwa upande wa wanaume wenye machepe. Udongo ulipoanza kurudishwa alifukia kuliko sisi wote, hakumpokeza mtu chepe mpaka tuta likasimama. Mjomba mmoja akanisifia yule kijana, akasema ni mchapakazi, akauliza ni wa wapi. Nikajifanya nalia, na kwa kweli nilikuwa nalia.

Kisha mwinjilisti akaanza kuita watu kuweka mashada. Akamwita mjane, tukampeleka tumemshika mikono. Akaita watoto, tukaenda watano. Nikageuka nikampungia mkono aje, akatikisa kichwa. Wakaitwa wajukuu, wakaitwa ndugu wa marehemu, na hapo nikamtazama tena kwa sababu angeweza kuingia tu na asiulizwe na mtu. Hakuja. Wakaitwa wakwe, wakaitwa viongozi wa kijiji na wa kanisa. Kaburi lilikuwa limeshajaa maua ilipofika zamu ya majirani na marafiki.

Kaka akapangusa mikono kwenye suruali, akapewa ua, akajipanga kwenye foleni na majirani. Mbele yake alikuwa mzee mmoja tunayepakana naye mashamba. Walipokwisha kuweka, yule mzee akampa mkono, akamuuliza alifahamiana wapi na marehemu. Nilikuwa karibu, nilisikia. Kaka alimwamkia shikamoo kwanza, halafu akasema yeye ni mtu wa Mitundu, alimfahamu kidogo tu.