Sebule ya Kijapani Kanduyi

Jumamosi nilikuwa kwa fundi wa viti pale Kanduyi, nikisubiri stuli yangu, mume na mke wakafika na makochi yao kwenye pikapu. Mke alimwonyesha fundi picha kwenye simu. Ilikuwa sebule ya Kijapani yenye mikeka, meza fupi, tawi moja ndani ya chungu na jiwe la mtoni pembeni.

"Kata miguu yote," akasema. "Tunataka kukaa karibu na ardhi. Inatuliza roho."

Fundi akachukua msumeno. Mume akaweka mkono juu ya kochi.

"Mama yako anakuja kesho, na si unajua magoti yake. Akikaa huko chini, nani atamwinua? Mimi ni mkwe, kwa mila zetu siwezi kumshika."

Mke akampigia mama yake huko Kabuchai, akaweka simu kwenye spika, akamweleza habari za Wajapani.

"Mimi nimekaa chini nikipukuchua mahindi miaka mingi mpaka nikapata kiti," mama akajibu polepole. "Sasa ati nirudi huko?"

Tulicheka sote, hata mke.

"Kata makochi yote," akamwambia fundi, "lakini uache moja."

Mume akalikalia hilo moja, akaegemea na kunyoosha miguu kama chifu.

"Inuka," mke akasema. "Hiyo ni ya mama."

Kabla sijarudi Kitale nilimwomba mke anionyeshe picha zake zote. Ni sebule nzuri kweli, ila sikuona hata moja yenye mama mkwe ndani.