Mbio za Idi Pili, Wete hadi Chake

Nilikuwa na gari mbili, na zote nilizinunua mbovu. Nilizifungua injini mwenyewe uani kwetu Wete, nikazifunga upya, nikazitia bodi za mbao. Siku za kawaida zilibeba abiria na magunia ya karafuu. Idi pili zilishindana na gari za Chake Chake. Hapakuwa na kikombe wala hakimu. Gari iliyotangulia kufika Chake ndiyo iliyosifiwa mwaka mzima.

Mimi sikuendesha, maana jicho langu moja liliharibiwa na maji ya betri. Aliyeniendeshea ni shemeji yangu, mume wa dada yangu, mtu mpole asiyependa makelele. Alinishindia Idi tatu mfululizo, na sifa nilizipokea mimi.

Kisha vita vya pili vya dunia vikaja na mipira ya magurudumu ikaadimika. Tuliishona kwa uzi wa nyavu, mingine tukaishindilia makumbi ya nazi. Idi ile shemeji aliinama asubuhi, akapapasa gurudumu la mbele.

"Huu hautufikishi," akasema. "Mwaka huu tupumzike."

"Wenzetu wa Chake wameshakuja. Niwaambie nini?"

"Waambie mpira umekwisha."

Nikamwambia kama anaogopa, madereva wako wengi. Alikunja kanzu yake akaifunga kiunoni, akapanda.

Mimi nilifuata kwa gari ya pili, kando ya dereva wake. Kwenye mteremko, baada ya daraja, tuliikuta ile ya kwanza imelala ubavu migombani, magurudumu bado yanazunguka. Mpira wa mbele ulikuwa umechanika wote. Tukainua bodi, tukamtoa akiwa hai.

"Kuna mtu nimemgonga?" akaniuliza.

"Hakuna."

Alifariki kabla hatujafika hospitali.

Siku ya tatu ya msiba dada aliniita ndani. Alikuwa amekaa juu ya mkeka, macho makavu.

"Alikwambia nini kabla ya kuondoka?"

Ningeweza kumficha, kwani hapakuwa na mwingine aliyesikia. Nikamweleza yote, hata lile neno langu la woga. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Haya, nenda," akasema. "Nikikuhitaji nitakuita."

Eda ikaisha, hakuniita. Samaki na unga nilivyopeleka vilipokewa na jirani. Gari iliyoanguka niliivunja kwa shoka, chuma nikakiacha uani kikaota kutu. Wa Chake walipokuja Idi iliyofuata, niliwaambia sishindani tena. Mmoja alicheka, wenzake wakamnyamazisha.

Ilipita miaka miwili. Asubuhi moja nilikuwa nimekaa mbele, kando ya dereva, tukisubiri abiria wa Chake. Dada akatokea amembeba mwanawe wa mwisho, anaungua kwa homa. Gari nyingine haikuwapo. Nilishuka nimpishe mahali pangu, akapita, akapanda nyuma pamoja na wengine.

"Mwambie dereva asikimbize," akasema.

Nikamwambia. Tukaenda polepole njia nzima, na mimi sikugeuka nyuma.