Kingi wa Hatua Moja

Baba mkwe wangu, Ta Karugendo, hajawahi kuwa mtu wa kutembea polepole. Kanisani Rubya alikuwa anafika wakati mlango bado umefungwa, halafu analalamika kwamba Misa inachelewa. Ni mkulima wa migomba na kahawa, lakini huko Rubya hawamjui kwa ndizi zake. Wanamjua kwa drafti.

Wanaume wa pale hucheza kibarazani pa duka lililofungwa zamani. Ubao wamechora juu ya mlango mbovu, na kete ni visoda. Kete ikifika mwisho inakuwa kingi, na kisoda kinageuzwa kichwa chini. Kingi wa Ta Karugendo alikuwa anaogopwa. Alikuwa anatoka pembe moja ya ubao mpaka pembe nyingine, njiani anakula anachokikuta, na mwenyewe huku anaongea. Mume wangu Mwesiga anasema nusu ya ushindi wa baba yake ilikuwa mdomoni.

"Josia, hizo kete umezileta tucheze au unazitembeza zipate hewa?"

Ta Josia ni jirani yake, rafiki yake, na mtu aliyefungwa naye kwenye drafti mara nyingi kuliko wote. Akishatukanwa hivyo anakasirika, anasogeza kete bila kuangalia, na inaliwa.

Mara moja tu Ta Josia alikaribia kumfunga. Alikuwa na kingi wawili, Ta Karugendo amebakiwa na kete moja imejibanza pembeni. Mvua ikashuka, watu wakakimbia. Ilipokatika, Ta Josia akataka waendelee. Ta Karugendo akasema mchezo uliokatizwa na Mungu hauna mshindi, unaanza upya. Wakaanza upya, na Ta Josia akafungwa. Habari hiyo naijua vizuri, kwa sababu kila nikienda Rubya, Ta Josia ananisimulia upya kama vile mimi ndiye niliyeleta mvua.

Mwaka huu wakati wa masika, Ta Karugendo aliteleza kwenye tope kibanjani, kwenye migomba yake, mkungu wa ndizi ukiwa begani, na mguu ukavunjika chini ya goti. Wakamfunga hogo, ile plasta ngumu ya mfupa, kuanzia vidoleni mpaka pajani. Kwa kuwa mama mkwe alishafariki na hakuna wa kumzuia kule, tukamleta kwetu mjini, Hamugembe. Daktari alisema hivi, nami nilimrudisha nyuma aseme mara ya pili ili nisikosee: mguu usikanyage chini mpaka picha ya eksirei ionyeshe mfupa umeshika. Akikanyaga mapema na kuanguka tena, kutembea kutakuwa kwa bahati.

Tangu hapo sikulala vizuri. Nilikuwa jikoni namenya ndizi lakini masikio yalikuwa sebuleni. Kiti kikilia nakwenda kuchungulia.

Yeye alikuwa na haraka zake. Kahawa ilikuwa inaiva. Isitoshe, Ta Josia alikuwa anapiga simu kumsalimu.

"Unaendeleaje, ndugu yangu?"

"Naendelea."

"Pona taratibu. Kiti chako hakina vumbi, mimi ndiye nakikalia."

Baada ya simu hiyo Ta Karugendo alitangaza kwamba Jumapili, Misa ikiisha, anapanda bodaboda mpaka stendi, kisha gari la Muleba la kumrudisha Rubya. Mwesiga alimsihi, akajibiwa kwamba mtoto hamfundishi baba njia ya nyumbani. Mimi ndiyo kabisa. Mke wa mwana hasimami mlangoni kumzuia baba wa mume wake. Nilichoweza kufanya ni kumwondolea kiatu, nikakiosha, nikakianika mbali.

Mwesiga ni fundi wa redio na televisheni. Jioni hiyo alirudi na kisanduku cheusi chenye uso uliopakwa ufanane na mbao, swichi za chuma juu, na kijiti cha kushika mkononi chenye kitufe chekundu. Ni mashine ya zamani ya kuchezea gemu. Mteja aliiacha dukani na hakuirudia. Ilikuja na kaseti mbili, moja ya karata na moja ya drafti. Mwesiga akaiunganisha kwenye televisheni yetu ya chogo.

Ta Karugendo alianza na karata, akaziacha saa hiyohiyo. "Siwezi kucheza karata na mtu nisiyemwona macho."

Mwesiga akaweka ya drafti. Ubao ukatokea, kete za rangi mbili. Mzee akakisogeza kiti kwa mguu mzima, akakohoa, akaiambia televisheni kwa heshima ya kwao, "Haya waitu, wewe ni wa ukoo gani?"

Televisheni haikujibu.

"Hana adabu," akasema, akaanza kucheza.

Mchezo wa kwanza alipata kingi mapema. Akakishika kijiti amtoe kingi pembe hii mpaka pembe ile, kama Rubya. Mashine ikalia bip. Akajaribu tena. Bip.

"Inanikatalia nini?"

Mwesiga alimweleza kwamba walioitengeneza ni watu wa mbali, na drafti ya kwao kingi haruki. Anatembea hatua moja, mbele au nyuma.

Ta Karugendo alimwangalia mwanawe kama vile ameambiwa ng'ombe wa huko wanataga. "Kingi? Anatembea hatua moja kama mgonjwa?"

"Ndiyo, Tata."

"Basi kuna faida gani kuwa kingi?"

Alifungwa. Aliijaribu kwa mdomo pia. "Cheza, ndugu yangu, ndizi zinaiva." "Naona unatafuta pa kukimbilia." Mashine ilikuwa inabadilisha rangi za kioo huku inafikiri, kisha inakula kete ya mzee kimyakimya. Nilimwona anavyoteseka. Maisha yake yote alikuwa amecheza na watu wanaokasirika.

Jumapili ikafika, na badala ya kuuliza kiatu, akauliza umeme. Akatutangazia tena, mkono juu ya hogo: "Sitaondoka hapa nimefungwa na kisanduku. Siku nikikifunga, siku hiyohiyo naenda nyumbani."

Mimi nikaitikia vizuri kabisa. Tangu siku hiyo nikawa upande wa mashine.

Tatizo ni kwamba mzee si mjinga. Akaanza kuzielewa sheria zake. Siku moja wakabakiwa na kete chache na mashine iliponea chupuchupu, na mimi kijiko kilinianguka jikoni. Mwesiga alikuwa ameniambia kwamba ile mashine ina viwango, na kabla ya kuanza unachagua namba kwa swichi mojawapo. Ikipanda, inacheza kwa akili zaidi. Asubuhi iliyofuata nikafuta vumbi sebuleni. Nilifuta vizuri, nikaminya na ile swichi, namba ikapanda.

Sikujua kwamba ikiwa na akili zaidi inafikiri muda mrefu zaidi. Ta Karugendo alisogeza kete ya kwanza, rangi zikaanza kubadilika. Nikapika, nikaepua, nikarudi, bado zinabadilika. Mzee amelala kitini, mdomo wazi, mguu umetulia juu ya stuli kama daktari alivyotaka. Nikaishukuru ile mashine kimoyomoyo.

Alipoamka aliniita. "Mwana wange, umeona? Imeanza kuniogopa. Sasa inanifikiria."

"Naona, Tata."

"Josia hajawahi kunifikiria hivi."

Tukaenda hivyo, yeye akisinzia na kufungwa, mpaka ikabaki wiki moja twende kupiga picha ya mguu. Ndipo ikaja ile Alhamisi. Nilikuwa uani natwanga karanga nikamsikia akicheka. Nikaingia na mchi mkononi. Kwenye kioo mashine ilikuwa imebakiwa na kete mbili, na yeye ana kingi watatu, anawasogeza hatua moja moja, anaizingira.

"Keti uone," akaniambia. "Ileile hatua yake moja ndiyo itakayommaliza."

Kabla sijakaa, umeme ukakatika.

Kioo kikawa cheusi. Tukakitazama wote wawili. Nami niseme kweli, nilimshukuru Mungu haraka mno, kwa sababu Ta Karugendo aliweka kijiti chini, akasema, "Imekimbia."

"Ni umeme, Tata."

"Imeona inafungwa, ikakimbia. Anayekimbia ubao amefungwa. Kiatu changu kiko wapi?"

Nikasema kiko uani, hakijakauka. Akasema atavaa ndala. Akayavuta magongo kutoka ukutani, akainuka. Mguu wa hogo ukaning'inia juu ya sakafu, na vidole vyake vikawa vinaitafuta sakafu taratibu, kama mtu anayepima maji kama ni ya moto. Mwesiga alikuwa dukani. Mlango uko wazi, na bodaboda hazikosekani pale barabarani. Nilitaka kumshika, nikashindwa. Mchi ulikuwa bado mkononi, nikaona si vizuri kusimama mbele ya baba mkwe na mchi, nikauweka chini. Halafu maneno yakanitoka yenyewe.

"Tata, na ile mvua?"

Akasimama. "Mvua gani?"

"Ya Ta Josia. Ana kingi wawili, wewe una kete moja."

Akayakaza magongo kwapani.

"Ulisema mchezo uliokatizwa hauna mshindi. Unaanza upya. Ta Josia hakukimbia, ulimwambia aanze upya, akaanza." Nilikuwa naangalia sakafu, kwa heshima na kwa kuogopa. "Watu wa Rubya wakisikia kwamba mvua ikikukuta unafungwa mchezo unafutwa, lakini umeme ukikatika unashinda, Ta Josia atasema nini?"

Alisimama pale juu ya magongo. Kijasho kilikuwa kinamtoka. Nje bodaboda ilipita, ikapunguza mwendo, ikaendelea.

"Josia ana mdomo," akasema mwishowe.

"Anao sana, Tata."

Akarudi kitini, akashusha mwili, nami nikamwinulia mguu juu ya stuli. Umeme uliporudi, akaanza upya, akafungwa.

Picha ya eksirei ikatoka nzuri. Daktari alituonyesha mfupa, akasema umeshika. Hogo likakatwa, na ruhusa ikatolewa ya kwenda nyumbani na kukanyaga kidogokidogo kwa magongo. Nilifunga mizigo yake kwa furaha. Nikaleta kiatu, kimeng'aa.

Akakataa kuvaa.

"Nilisema nini? Sitaondoka nimefungwa na kisanduku."

"Lakini Tata, kahawa."

"Kahawa nitaikuta."

Ta Josia akapiga simu kumuuliza kama ameamua kufia mjini. Kahawa ikaanza kudondoka chini. Mguu umepona na mwenye mguu hatoki kitini, na mimi ndiye niliyeipandisha ile mashine akili. Ikabidi asubuhi moja nifute vumbi tena. Niliishusha namba mpaka chini kabisa.

Mchana ule mashine ilikuwa inajibu haraka, haifikirii kitu, inamletea kete mdomoni. Aliifunga vibaya. Nilikuja na chai nikampongeza. Alikuwa hacheki. Alikaa akikitazama kioo, kisha akanitazama mimi, kisha kile kitambaa changu cha vumbi kilichokuwa begani.

"Leo imecheza kama mtu anayetaka nifike nyumbani," akasema.

Nikamimina chai, ikajaa mpaka kwenye kisosi.

"Niletee kiatu, mwana wange."

Mimi na Mwesiga tulimsindikiza Rubya. Pale kibarazani walimpisha kiti, hata Ta Josia alinyanyuka, ingawa si kwa haraka. Ubao ukawekwa. Ta Karugendo alipata kingi wa kwanza, kisoda kikageuzwa, watu wakasogea karibu, maana walikuwa wameyakumbuka yale mambo yake. Aliinua mkono. Akamsogeza kingi wake hatua moja.

Watu wakatazamana.

"Uliumia na kichwa pia?" Ta Josia akamuuliza.

Ta Karugendo mwenyewe aliushangaa mkono wake. Alishazoea. Zamu iliyofuata akafanya vilevile, hatua moja, kwa uangalifu. Ta Josia hakungoja zaidi. Alimtoa kingi wake pembeni kabisa, akaruka ubao mzima, akala kete tatu zilizobaki na yule kingi wa Ta Karugendo, akapiga kisoda chini kwa kishindo. Kibaraza kizima kikashangilia. Huo ndio ushindi wake wa kwanza wa haki, hakuna mvua wala umeme.

Nilimwangalia baba mkwe wangu, nikaogopa atakasirika, atasimama kwa pupa, atasahau mguu. Aliyavuta magongo polepole. Akaweka moja, akaweka la pili, akasimama wima ndipo akaongea.

"Kingi wako ana haraka sana, Josia," akasema. "Siku moja atavunjika mguu."