Rejista ya shule ilimpa baba yangu baba mwingine, na mimi nikaiamini

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo.

Haya yamenitokea mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Shule sitaitaja. Majina ya ukoo nimeyaacha kama yalivyo, na mkifika chini mtajua kwa nini. Ni ndefu kidogo, nivumilieni, nimeandika nikiwa bado na hasira.

Mimi ni binti wa Voi. Mama yangu ni Mdawida, yaani Mtaita, wa Chawia, na ukimuuliza ukoo wao anakuhesabia babu juu ya babu huku anachambua mboga, bila hata kuinua kichwa.

Baba ndiye mwenye shida. Ukoo wa baba unaishia kwa mtu mmoja: babu yangu Wanyama, mkata mkonge, aliyekuja kutoka magharibi akafia kwenye shamba la mkonge baba akiwa mdogo. Nyanya naye alifariki mimi nikiwa darasa la tatu. Kwao ni wapi? "Upande wa Bungoma." Bungoma wapi? Nyanya hakupenda kuulizwa, na waliokuwa wakijua wamekufa.

Baba amepita miaka sabini sasa. Hajawahi kulia juu ya jambo hili. Lakini mwaka jana tulienda kumzika rafiki yake huko Chawia, na wazee walipokuwa wamekaa baada ya chakula, mmoja akamtania.

"Daudi, na wewe ukifa tukupeleke wapi? Maana Voi ni stesheni, haiwi kwao na mtu!"

Watu wakacheka. Baba pia alicheka. Siku mbili baadaye akaniita.

"Wewe uliyesoma mpaka chuo kikuu. Nitafutie kwetu."

Hivyo tu. Sijawahi kupewa kazi na baba yangu nikaitaka kama hiyo.

Sasa, mimi ni mtu wa kuuliza maswali. Nyumbani wananiita Kamishna wa Tume. Mchungaji akihubiri nauliza, daktari akiandika dawa nauliza. Nikafikiri hivi: cheti cha kuzaliwa hakuna, shule ya msingi ya kambi ya mkonge ilifungwa zamani, lakini baba alisoma sekondari huku juu milimani. Shule za bweni enzi hizo zilikuwa na rejista ya kuingilia: jina, mzazi, kazi ya mzazi, kwao. Hiyo "kwao" ndiyo niliyoitaka.

Nikaenda shuleni. Secretary hakuinua hata macho kwenye simu yake.

"Rekodi za zamani hatutoi ovyo. Lete barua ya chief inayoonyesha mwanafunzi huyo ni baba yako na ni mtoto wa nani."

Nikaenda kwa chief.

"Mimi nitaandikaje baba yako ni mtoto wa nani na simjui? Lete kitu kutoka shuleni."

Nikarudi shuleni.

"Bila barua ya chief, dada, hapana."

Nikawauliza, hivi nyinyi mnasikia mnachosema? Nikaambiwa vijana wa siku hizi hatuna adabu. Nilienda mara tatu wakuu. Mara ya tatu walikuwa wanapanga sherehe ya kuadhimisha miaka ya shule, na pale kaunta kulikuwa na gazeti linalong'aa lenye kichwa "Historia Yetu, Fahari Yetu". Ndani ni picha za bodi kurasa kumi na mbili. Mwanafunzi wa zamani hata mmoja hayumo.

Aliyenisaidia ni Mama Mkawasi, mtunza stoo. Alinisikia nikigombana, akanifuata nje.

"Wewe unatafuta yale madaftari makubwa ya zamani? Njoo nikuonyeshe, lakini usipige kelele."

Akanipeleka stoo ya chakula. Mnajua rejista zilikuwa wapi? Chini ya magunia ya maharagwe. Zilipangwa sakafuni kama matofali, magunia yakawekwa juu yake yasishike unyevu.

"Mbao ziliisha," Mama Mkawasi akasema. "Na hivi vitabu ni vigumu, haviozi haraka."

Historia yetu, fahari yetu!

Tulisukuma gunia moja, tukavuta, na kwa bahati ikawa ni miaka ileile. Nyingine mchwa wamezila zikabaki majalada matupu. Nikafunua. Daudi Wanyama, namba 214. Nikateleza kidole mpaka safu ya mzazi.

Jeremia Masinde. Kazi: mnyapara. Kwao: na hapo wakaandika jina la shamba la mkonge.

Nikasoma tena. Mnyapara ni msimamizi wa wakata mkonge kambini. Masinde ni nani? Babu yangu ni Wanyama. Halafu nikaona mistari mitatu chini yake: Elijah Nyongesa, mzazi Jeremia Masinde, mnyapara.

Mama Mkawasi akasikia viatu vya bwana bursar, mhasibu wa shule. Nikapiga picha ukurasa huo mmoja, tukarudisha gunia, nikatoka.

Hapa ndipo nilipoharibu.

Mimi, Kamishna wa Tume, sikuuliza swali hata moja. Wino uliopauka, mwandiko mzuri, mistari myekundu, nikaona ukweli ndio huo. Baba ni mtoto wa mnyapara. Nyanya alificha. Ndiyo maana hakupenda kuulizwa. Na kuna ndugu yake baba mahali fulani anaitwa Elijah. Kila kitu kikajipanga kichwani vizuri sana, na kwa kweli nilijisikia mwerevu.

Nikatuma ile picha kwenye group ya familia. Chini yake nikaandika, "Nafikiri nyanya hakutuambia kila kitu."

Dakika ngapi? Hata sijui. Simu ikalia. Shangazi Rael, dada yake baba wa pekee.

"Umemaliza kusoma ukaona umtukane nani, mama yangu? Aliyekulea ukiwa na surua, akakubeba mgongoni mpaka hospitali? Umemtoa kaburini umweke kwenye WhatsApp?"

"Shangazi, si mimi, imeandikwa..."

"Imeandikwa! Na wewe umeandikwa una akili, tuamini?"

Akakata. Nilipofungua group nikaona baba ametoka. Hakunigombeza. Alikuwa sebuleni na redio imezimwa, na aliponiona alisema tu, "Kwa hiyo hata Wanyama si wangu."

Nilimtafutia kwao nikamnyang'anya na baba aliyekuwa naye.

Sikulala vizuri wiki nzima. Nikasema, basi huyo Elijah kama yuko hai aseme. Nyongesa si jina la kila mlango huku kwetu. Nina marafiki wa boda karibu kila mji wa kaunti yetu, nikawapa jina. Siku ya pili yule wa Taveta akanijibu: "Mzee Nyongesa wa ndizi, nani asiyemjua?"

Nikaenda. Nilimkuta shambani anakata mikungu, mzee mrefu, gambuti mpaka magotini. Nikajitambulisha, nikamwonyesha picha kwenye simu, nikamwambia kwa heshima zote kwamba nadhani yeye ni baba yangu mkubwa.

Alisoma akisogeza simu mbali na macho. Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaketi chini.

"Masinde baba yangu! Ati Masinde! Binti, umefungua ukurasa mmoja tu?"

"Mmoja tu, mzee."

"Ungefungua wa pili ungekuta Masinde ana watoto kumi na zaidi. Wakamba wamo, Wajaluo wamo, Wataita wamo. Mtu hodari sana huyo, na hata mke hakuwa naye!"

Kisha akanieleza, na kicheko kikamwisha polepole.

Siku ya kufungua shule wazazi wao walikuwa wanakata mkonge. Usipokata mstari wako hiyo siku haihesabiwi kwenye malipo, kwa hiyo hakuna mzazi aliyethubutu kuondoka. Watoto walipakiwa kwenye lori la shamba na mnyapara akapanda mbele. Huko shuleni karani alikuwa mezani na swali moja kwa kila mtoto: mzazi yuko wapi? Masinde anajibu, "Mimi hapa." Karani anaandika. Anayefuata. Mzazi? "Mimi hapa." Anaandika. Kwao? Lori limetoka shamba la mkonge, basi kwao ni shamba la mkonge.

"Hakuuliza baba zetu ni akina nani," Mzee Nyongesa akasema. "Kwa nini aulize? Kwake sisi tulikuwa mzigo wa lori moja, na mwenye mzigo amesimama pale."

Wakuu, nilikaa kwenye majani ya mgomba. Karani alikuwa na kalamu na meza na siku nzima. Swali moja zaidi lilikuwa linamgharimu nini?

Na kabla hamjamlaani karani peke yake, na mimi nilikuwa na simu na siku nzima.

Nikamuuliza kama alimjua babu yangu.

"Wanyama? Nilimjua kwa sura tu, alikufa mapema. Lakini sanduku lake nalijua." Akanirudishia simu. "Nililipaka rangi mimi."

Kumbe kabla ya lori kuondoka Masinde aliagiza masanduku yote ya watoto yapakwe rangi moja ya kijani, yafanane, shule isione kambi ni ya watu ovyo. Vijana wakubwa kidogo ndio waliopaka pale karakana. Tangu babu afe sanduku lake lilikuwa limewekwa hapohapo karakana, na baba alikuwa bado nyumbani kwa mama yake. Akalikuta limeshakauka, na namba ya mbele ikaandikwa baadaye huko shuleni.

"Lilikuwa sanduku la bati alilokuja nalo Wanyama kutoka nyumbani. Upande wa nyuma kulikuwa na maandishi, yametobolewatobolewa kwa msumari. Sikuyasoma. Niliambiwa paka, nikapaka."

Sikungoja chai.

Lile sanduku wakuu liko nyumbani kwetu. Liko chumbani kwa baba, linaweka suti ya kanisani na vyeti vyetu. Tangu nizaliwe mgongo wake umeegemea ukuta. Rangi ya kijani, 214 mbele. Nimelipangusa vumbi maisha yangu yote, sijawahi kuligeuza.

Kesho yake asubuhi tulilitoa uani. Baba hakutaka, ilibidi nimwambie yote aliyosema Mzee Nyongesa, na nikamwomba msamaha kwanza. Shangazi Rael alikuja pia, bado amenuna, akakaa mbali na leso yake amejifunga kama mtu aliyekuja kushuhudia kesi.

Nikachukua msasa nikaanza kusugua mgongo wa sanduku. Rangi ya juu ikatoka, bati likang'aa. Lakini kwenye vile vitobo vya msumari rangi iliingia ndani na msasa haukuifikia. Ikabaki humo. Basi herufi zikaanza kujitokeza zenyewe, nukta za kijani juu ya bati jeupe. Ile rangi iliyozificha ndiyo ilikuwa inazionyesha.

Baba akavaa miwani, akainama. Alisoma kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza.

WANYAMA S/O KHAEMBA. CHWELE.

"Mwana wa Khaemba," akasema. "Wa Chwele, Bungoma." Akarudia tena. Shangazi alikuwa ameshasogea, sikumwona akija. Akaweka mkono kwenye bati na kusema, "Si nilisema?" Hakuwa amesema hivyo, lakini mimi nani nibishane naye.

Mimi nilimwomba msamaha hapohapo. Akaniambia niandike msamaha huo kwenye group kama nilivyoandika yale matusi. Nimeandika. Baba amerudi kwenye group.

Nilichojifunza ni hiki. Nilikuwa na maswali kwa kila mtu aliye hai, lakini karatasi ya zamani niliipigia magoti. Karatasi nayo iliandikwa na mtu, mezani, ana haraka, na aliandika alichoambiwa na aliyesimama mbele yake. Ukikuta jina, uliza nani alilisema na nani hakuwepo. Na fungua ukurasa wa pili, jamani.

Hasira haijaisha. Nilimpigia principal kumwambia zile rejista zitolewe chini ya maharagwe. Akasema wataliangalia baada ya sherehe. Mle ndani kuna watoto wengine wa lori, na wajukuu wao labda wanasoma uzi huu.

Kama mzazi wako alitoka kambi ya mkonge akasoma huku milimani, na rejista inasema baba yake ni Jeremia Masinde, tulia, usimtukane nyanya yako. Andika hapa chini, tulinganishe majina. Mzee Nyongesa yuko tayari kukumbuka.

Na kama wewe ni wa Chwele, na kwenu kuna habari ya kijana Wanyama wa Khaemba aliyeondoka na sanduku la bati asirudi, tafadhali niandikie. Baba ameshapiga pasi ile suti.

Barua ya chief sitakuuliza.