Tumbo Langu Halikuwa Tangazo la Baba Mkwe

Siku baba mkwe wangu alipofungiwa udaktari, nyumbani kwake kulifanyika sherehe.

Usicheke. Nilikuwepo, na tumbo langu la miezi minane, nimekalishwa kwenye kiti cha plastiki karibu na spika, nakula keki iliyoandikwa "Hongera Daktari".

Hongera ya nini? Ya kufungiwa.

Ngoja nikueleze huyu mtu kwanza, ili tumdharau pamoja.

Baba mkwe ni daktari wa upasuaji. Mji wetu uko mpakani, daraja tu ndilo linalotutenga na nchi ya pili, na yeye ana leseni za pande zote mbili. Asubuhi anapasua huku, mchana anavuka kwenda kupasua kule. Watu wakambatiza Leseni Mbili, jina likampanda kichwani, akawa anajiita hivyo mwenyewe. Leseni zenyewe kazitia fremu, kazitundika sebuleni, moja kulia mwa televisheni na nyingine kushoto.

Sasa, lango la daraja hufungwa jioni. Likifungwa umelala ng'ambo, upende usipende. Na Leseni Mbili hapendi kulala ng'ambo.

Basi siku moja alikuwa kule anampasua mama mmoja. Akatupia jicho saa ya ukutani, akaona lango litamfungia. Akavua glovu. Akamwambia msaidizi wake, aliyetoka chuo juzi tu, amalizie na kushona.

Yeye huyoo, darajani.

Yule mama akaanza kuvuja damu ndani. Wanampigia simu, yuko kwenye foleni ya magari, hapokei. Daktari mwenzake, mwanamke, ndiye aliyekimbia kuingia kuokoa maisha. Mgonjwa alipona, lakini kizazi kilibidi kitolewe. Na hakuwa amezaa hata mtoto mmoja.

Huyo daktari mwanamke akamshtaki kwenye baraza la madaktari la kule. Baraza likamfungia mwaka mzima asiguse mgonjwa.

Unajua haya yote nimeyajuaje? Alituhadithia mwenyewe! Kwenye sherehe, kipaza sauti mkononi, anacheka.

"Wamenifungia kule ambako hata nimechoka kwenda!" akasema. "Wamenipa likizo! Huku mimi ni daktari kamili. Na yule kimbelembele aliyenishtaki, ni wivu tu unamsumbua."

Makofi. Vigelegele. Mama mkwe naye anapiga makofi, uso mkavu.

Nikaiweka keki chini ya kiti.

Karibu yangu alikaa Mwenyekiti. Huyu ndiye mkuu wa baraza la madaktari la upande wetu, mtu ambaye kazi yake ni kutulinda mimi na wewe. Alikuwa amekumbatia sahani ya nyama.

"Shikamoo, Mwenyekiti," nikamwambia. "Na nyinyi baraza la huku mnasemaje?"

"Marahaba, mwanangu. Kosa la ng'ambo linahukumiwa ng'ambo. Huku kwetu hakuna aliyelalamika."

"Kwani mikono anayopasulia kule anaiacha darajani?"

Akacheka kicheko cha mtu aliyeshiba. "Mambo ya sheria ni marefu, mwanangu. Hebu nisogezee chumvi."

Nikamsogezea. Ningefanya nini?

Wiki hiyo hiyo nikaenda kliniki, nikaambiwa mtoto amelala kwa kukingama, hatoki kwa njia ya kawaida. Lazima nipasuliwe.

Habari zikamfikia baba mkwe kabla sijavua viatu. Akaja mwenyewe mpaka kwetu, kajipulizia manukato.

"Nitampasua mimi," akamtangazia mume wangu, kana kwamba sipo. "Watu wanaanza kunong'ona huko mjini. Sasa nikimpasua mkwe wangu mwenyewe, mjukuu akatoka salama, nani atafungua mdomo tena? Mpiga picha nimeshamwambia."

Umesikia? Alitaka tumbo langu liwe bango lake la biashara.

"Baba," nikasema, "mimi ni mkwe wako. Hata haya hatuoneani?"

"Chumba cha upasuaji hakina mkwe," akanijibu, akaondoka.

Nikamgeukia mume wangu.

"Mwambie hapana."

"Ni baba yangu. Nitaanzaje?"

"Anza na hapana."

"Wewe humjui alivyo."

"Namjua vizuri. Ni mtu anayeangalia saa wakati tumbo la mwenzake liko wazi."

Akaanza kukagua rimoti. Mume wangu ni mtu mzima mwenye ndevu, lakini mbele ya baba yake huomba ruhusa hata ya kukohoa. Nampenda, lakini siku ile nilimwona mdogo kuliko mtoto niliyembeba. Niliogopa, tena niliogopa sana. Nilijishika tumbo nikalia chooni, bomba la maji nimelifungulia ili asinisikie.

Jumapili tukaitwa kwa baba mkwe kula chakula cha mchana, ukoo mzima, na Mwenyekiti wake pembeni, maana huyo penye sahani hakosi. Siku ikapangwa. Jumatano. Mimi sikuulizwa.

Wifi yangu akanichokonoa. "Una bahati wewe! Wenzako wanahangaika kutafuta madaktari, wewe unaye nyumbani."

Hapo ndipo uvumilivu uliponiishia.

"Wifi," nikasema kwa upole, "ule uvimbe wako mwaka jana, baba alikushona vizuri?"

Kijiko kikasimama hewani.

"Si... sikupasuliwa na baba. Alikuwa na shughuli nyingi."

"Pole. Na shemeji, zile bawasiri zako?"

"Shemeji! Watu tunakula!"

"Nani alikupasua?"

"Mtu mmoja. Ng'ambo huko."

"Mwenyekiti, na mama watoto? Nasikia alitolewa mfuko wa nyongo."

Mwenyekiti akatafuta kitu cha kutafuna, hakukiona. "Tulikuwa safarini upande ule," akasema. "Ilitokea tu."

Nikamgeukia mume wangu. Lile kovu la kidole tumbo nimeliona tangu tuoane, na sikuwahi kufikiria kuuliza.

"Na lako?"

Akajibu akiwa anatazama meza. "Mama alinipeleka ng'ambo. Nilikuwa mdogo."

Meza nzima ya watu waliopasuliwa, wanakula kwa daktari wa upasuaji, na hakuna hata mmoja aliyepita mikononi mwake. Lakini makofi walipiga wote.

Baba mkwe akapiga ngumi mezani. "Adabu! Mikono hii imefungua watu kabla hamjazaliwa!"

"Kufungua sina wasiwasi nako, baba," nikasema. "Wasiwasi wangu ni nani atakayefunga."

"Jumatano!" akafoka. "Nimeshasema!"

Nikabeba vyombo kwenda jikoni. Mama mkwe akanifuata, akasukuma mlango kwa kiuno.

"Kesho asubuhi uwe tayari," akasema, anasuuza bilauri. "Tunavuka."

"Kwenda kwa nani, mama?"

"Kwa yule kimbelembele."

Kesho yake tukavuka. Mama mkwe ndiye aliyeendesha gari, mume wangu kakaa nyuma, lakini kaja. Nampa hiyo.

Yule daktari ni mfupi, miwani imefungwa kwa uzi. Hana fremu ukutani, ana kalenda tu na kioo. Alinipima, akanisikiliza mpaka nikaishiwa maneno. Kisha akasema, "Nitakupasua mimi, nitakushona mimi, na kesho ukiamka utaniona."

Binti yangu alitoka analia kwa hasira. Na asubuhi nilipofumbua macho, daktari alikuwa kwenye kiti kando ya kitanda, anapiga miayo.

Alipotoka, nikamuuliza mama mkwe, "Mama, huyu ulimjulia wapi?"

Mama mkwe akacheka mpaka akajishika ubavu.

"Ile ngiri ya mzee, unadhani alishona nani?"

"Baba? Kapasuliwa na huyu?"

"Miaka mitatu sasa, kabla hajamshtaki. Nilikuwepo. Walipotaka kumwingiza ndani, mzee akamng'ang'ania mkono. Akamwambia, 'Tafadhali, daktari, usiondoke. Shona mwenyewe.'"



"Na bado kwenye sherehe ulimpigia makofi, mama?"

"Naishi naye, mwanangu," akasema, akaanza kumfunika mtoto. Nikamwonea huruma. Lakini sikumwelewa, na mpaka leo simwelewi.

Tuliporudi, Leseni Mbili alikuja kumwona mjukuu. Kaja na mpiga picha! Na Mwenyekiti! Akambeba mtoto, akatoa kifua mbele, akatabasamu kwenye kamera.

"Baba," nikamwambia, "ngiri inaendeleaje? Alishona mwenyewe, au alimwachia msaidizi?"

Tabasamu likamfia usoni. Akanirudishia mtoto, akashika njia. Mpiga picha hakujua apige nini.

Mwenyekiti alitaka kumfuata. Nikamzuia.

"Ulisema huku hakuna aliyelalamika. Mimi nalalamika. Na yule mama aliyetolewa kizazi atavuka kuja kusema mwenyewe, nimeongea naye nilipokuwa ng'ambo."

Akasema tutaitwa.

Hatujaitwa. Leo ninapoandika haya binti yangu anatambaa, na Leseni Mbili bado anapasua watu huku, mchana kweupe. Kila nikienda kuuliza, Mwenyekiti yuko kikaoni. Nami nitaendelea kwenda, anizoee.

Kama umesoma mpaka hapa, chukua hili moja. Siku ukiambiwa ulale kwenye meza ya daktari yeyote, usipoteze muda kusoma fremu zake za ukutani. Uliza mke wake hupasuliwa na nani.