Mikono Isiyopakwa Mafuta

Majirani walimwita Baba Chura, naye hakuona ubaya. Tangu ujana wake alikuwa mtunzaji wa vyura katika maabara ya utafiti, ambako vyura wa majini hutagishwa mayai ili watafiti waone jinsi kiumbe kinavyojijenga kutoka kitone kimoja. Kazi hiyo ilianzia mikononi. Chura hanywi kwa mdomo. Hunywa kwa ngozi, na chochote kilichomo kiganjani mwa anayemshika humwingia mwilini. Kwa hiyo Baba Chura hakujipaka mafuta kamwe, na viganja vyake vilikwaruza kama msasa.

"Mimi nimeolewa ukewenza," mkewe aliwaambia mashoga zake, "na wake wenzangu hawana hata shingo."

Kisha mkewe akaugua mgongo, ugonjwa uliokuja kujulikana jina ukiwa umekwisha kuenea. Kilichompa nafuu kilikuwa kuchuliwa kwa dawa kali ya chupa. Baba Chura alimchua kila jioni, lakini kwa glovu. Aliwahi kushuhudia beseni zima la vyura likifa kwa sababu mfanyakazi mmoja alijichua goti kwa dawa kama hiyo, akanawa kwa sabuni, akadhani yamekwisha.

"Vua hivyo vitu, baba watoto," mkewe alimwambia jioni moja. "Unanichua kama unanikagua."

"Dawa hii haitoki upesi, mama. Na wiki hii wanataga."

"Kumbe. Basi na mimi nitage ndipo nishikwe?"

Walicheka wote wawili, mpaka kicheko kikamkata mama pumzi. Baba Chura akamwinua kidogo juu ya mto.

"Wakimaliza nachukua likizo," alisema. "Nitakuchua kwa mikono mitupu mpaka unichoke."

"Haya. Ngoja niwapishe wake wakubwa."

Vyura walitaga vizuri kuliko miaka yote, na mtafiti mkuu alimsifu mbele ya wenzake. Baba Chura aliomba likizo, akapewa siku hiyohiyo, akapita dukani kununua chupa mpya. Alipofika nyumbani, shemeji yake, dada wa mkewe, alikuwa amesimama mlangoni. Aliipokea ile chupa taratibu, kama mtu anavyompokea mgeni mzigo, akamshika mkono na kumwingiza ndani. Kitanda kilikuwa kimekwisha kufunikwa shuka moja.

Baada ya maziko alirudi kazini. Maji yaliyolazwa kwenye mapipa ili dawa ya kusafishia maji ya bomba itoke yalikuwa tayari, na mabeseni yalingoja kubadilishwa. Yeye alibaki kizingitini, mikono nyuma.

"Mzee, njoo unishikie huyu," alisema mwenzake wa zamu. "Ananiponyoka."

"Lowesha mikono kwanza. Mshike kiunoni, usimbane. Mimi siwezi."

"Unaumwa?"

Harufu ilikuwa imetangulia kuingia chumbani, kali, ya kuwasha macho. Usiku uliopita alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, akafungua ile chupa, akajichua viganja, kimoja kwa kingine, mpaka dawa ikazama katika kila mpasuko.

"Nimepaka dawa," alisema hatimaye.

"Basi pumzika leo. Kesho si itakuwa imetoka?"

"Kesho," alisema Baba Chura, "nitapaka tena."