Mpuliza Mapafu wa Karakol Aliyekatazwa Kupuliza

Saa mbili asubuhi, soko dogo la Karakol, mji wa mashariki mwa Kirgizia, bado linapiga miayo, na Ishenbai ameshapasua pafu la kwanza.

Maziwa yanamchuruzika kidevuni na kuingia kwenye kola ya koti. Yaliyobaki yanatafuta njia chini ya meza ya jirani, dada mmoja aitwaye Mairamkul anayeuza tambi baridi, ambaye anainua miguu bila hata kutazama. Amezoea.

Mke wa Ishenbai, Burulkan, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, shali mbili kichwani, mikono mapajani. Inaonekana wazi kwamba mikono hiyo haipendi kukaa mapajani.

"Polepole," anasema. Anavuta pumzi. "Hilo ni pafu la kondoo." Anavuta tena. "Si tarumbeta lako."

Ishenbai anasimama na ngozi tupu ya pafu mkononi, akingoja kuona kama mkewe amemaliza au anapumzika tu katikati.

Burulkan, mwenye umri wa miaka hamsini na minane, amekuwa akiuza mapafu ya maziwa hapa tangu alipoolewa. Hakuna aliyemfundisha ila mama mkwe wake, na mama mkwe huyo alifundisha kwa kijiko cha mbao.

Kazi yenyewe inaanza kwa mchinjaji, anayemwekea mapafu yakiwa na bomba lake zima la hewa, lile lenye pete ngumu ambazo ukizipapasa unadhani umeshika mrija wa mashine ya kufulia. Burulkan anayaosha kwa kumimina maji ndani na kuyakamua mpaka yawe meupe. Kisha anaweka mdomo kwenye bomba, anapuliza, mapafu yanafura, naye anayapitisha shavuni kusikiliza kama pana tundu linalonong'ona. Yakiwa salama anamimina kwa mrija maziwa yenye chumvi, vitunguu saumu na siagi, na kuyasukuma kwa pumzi mpaka yafike kwenye vifuko vya mwisho kabisa. Anafunga kwa kamba, anachemsha taratibu, anakata vipande. Pafu zima huuzwa som mia tano, na siku njema halibaki hata moja.

"Watu wanadhani pafu ni mfuko mmoja," anasema. "Lingekuwa mfuko, hata Ishenbai angeweza."

Shida ilianza msimu wa vuli. Burulkan alipata kikohozi, akakidharau. Kikohozi nacho kikamdharau yeye. Kufikia theluji ya kwanza alikuwa akipuliza pafu moja kisha anashikilia meza, na usiku analala ameketi kama mlinzi.

Mumewe ndiye aliyemburuta hospitali. "Miaka yote nimelalamika kwamba mwanamke huyu anaongea bila kituo," anasema Ishenbai. "Halafu akawa anasema maneno matatu, anasimama. Manne, anasimama. Nyumba ikawa kubwa ghafla. Sikuipenda."

Daktari aliyempokea ni binti mdogo aitwaye Perizat, mpole, mwenye subira ambayo siku hiyo ilitumika yote. Alimpiga picha ya kifua, akaitundika mbele ya taa. Burulkan akasogea, akaweka kidole kwenye kona ya juu kulia.

"Hapo," akasema. "Angalia kama hapo pamekauka."

"Kwa nini hapo, mama?"

"Kuna kijibomba cha pembeni. Kinachepuka kwenda kulia kabla bomba kubwa halijagawanyika. Watu wengi wanakisahau."

Daktari alitazama picha, akamtazama mgonjwa. "Mama, hicho ni cha kondoo. Binadamu hana."

"Una hakika?"

"Nina hakika wewe si kondoo."

Burulkan anakiri kwamba habari hiyo ilimuumiza kidogo. Miaka yote alijihesabia bomba ambalo hakuwa nalo.

Kisha ikaja mashine ya kupima pumzi. Akapewa mrija, akaambiwa avute hewa yote anayoweza na kuitoa kwa nguvu. Mbele ya mrija alijisikia nyumbani. Akavuta, akapuliza, akakohoa, na mashine ikatoa jibu kwamba kifua hicho ni cha bibi wa miaka themanini.

Burulkan hakubishana. Aliuchomoa mrija, akauweka shavuni, akaanza kuupapasa.

"Unafanya nini, mama?"

"Natafuta tundu, mwanangu. Hewa inapotea mahali."

Tundu halikuwepo. Perizat alimkalisha akamweleza, na Burulkan anayasimulia maelezo hayo kwa heshima ya mtu aliyekuta duka la jirani lina bidhaa zilezile. Hewa inaingia puani, inapashwa joto na kuchujwa. Inashuka kwenye bomba, bomba linazaa matawi mawili, kila tawi linazaa vijitawi, mpaka kwenye vifuko vidogo kuliko chembe ya uwele. Hapo damu inapita ikipokea hewa safi na kutema iliyotumika. Na kuta za mabomba zina vinyweleo vinavyofagia uchafu kuupeleka juu, utoke.

"Vya kwangu vimegoma," anasema Burulkan. "Vimefagia masizi ya makaa miaka thelathini bila likizo."

Maana adui alikuwa jiko. Mapafu yalichemshwa kwenye chumba kilichofungwa dirisha ili joto lisitoke, na moshi nao haukutoka. Njia zake za hewa zilikuwa zimevimba na kuwa nyembamba. Daktari alitoa dawa ya kuvuta kwa mdomo na masharti mawili: makaa yatoke ndani, na asipulize chochote mpaka arudi kupimwa. Kama hali isingebadilika, asingepuliza tena maisha yake yote.

Hapo ndipo Ishenbai alipojitolea. Alikuwa na sababu za kujiamini. Alipiga tarumbeta kubwa katika bendi ya zimamoto miaka ishirini, bendi iliyoitwa kwenye kila sherehe na, kwa busara, haikuitwa kwenye moto hata mmoja. Ana kifua cha pipa.

Wiki ya kwanza alipasua mapafu mengi kuliko aliyouza. Akaleta pampu ya baiskeli na mrija wake. Nyama ikanuka mpira, na mbwa wa soko, ambaye hana historia ya kukataa kitu, akaondoka.

"Anapuliza kwa mashavu," anaeleza Burulkan. Anainuka kwenye ndoo, anamwekea mumewe kiganja chini ya mbavu mbele ya soko zima. "Hapa. Pana kiwambo. Kikishuka, kifua kinajaa." Anapumua. "Kikipanda, kinatoa. Mashavu ni ya kulia chakula."

"Dada, shusha mkono," anasema Mairamkul. "Kuna watu wanakula."

Ishenbai alijifunza kutopasua. Ndipo likaja kosa la pili, baya zaidi kwa sababu halionekani. Dereva wa basi la shule, mzee Sapar, alirudi na nusu ya pafu kwenye karatasi.

"Ishenbai, umeniuzia chakula au sponji?"

Kona ya juu kulia ilikuwa kavu, haina hata tone. Burulkan aliitazama mara moja tu. Ishenbai, kwa bidii, alikuwa ameusukuma mrija wa maziwa mpaka ndani, ukakipita kile kijibomba cha pembeni. Maziwa yalikwenda kote isipokuwa huko.

"Daktari alisema kijibomba hicho hakipo," alijitetea Ishenbai.

"Kwangu mimi, mzee. Kwangu." Burulkan alipumua. "Hujui hata umemuoa nani."

Mzee Sapar alipewa pafu jingine bure, na siku hizi anakagua kona ya kulia kabla ya kulipa.

Nyumbani, jiko lilihamia uani chini ya kibanda kipya. Ishenbai alijenga bomba la moshi kwa mabati, akalielekeza kwa uangalifu mkubwa kwenye dirisha la chumbani kwa Mairamkul. Baada ya mazungumzo yaliyosikika mtaa wa tatu, bomba likaongezwa urefu. Sasa moshi unakwenda juu, na hakuna anayejua wa nani.

Juma lililopita Burulkan alirudi kwa Perizat. Ishenbai alingoja koridoni na kofia mkononi, akiigeuza. Safari hii mkewe aliupokea mrija bila kuukagua, akavuta hewa mpaka mabega yakapanda, akaitoa hadi macho yakamtoka. Mashine ikafikiri. Ikasema miaka sabini na moja.

"Bado si miaka yako, mama," alisema daktari, "lakini njia zinafunguka. Endelea na dawa, kaa mbali na moshi. Sikukuu ya Nooruz ikifika, majira ya kuchipua, utapuliza moja. Moja tu, dogo."

Burulkan ameshalichagua. Litakuwa la mwanakondoo, amemwambia mchinjaji. Baada ya hapo, akiruhusiwa, anataka moja kila asubuhi, mengine abaki nayo mumewe. Ishenbai, aliyekuwa akifuta maziwa mezani, anasema kwamba hata hilo moja angeweza kumsaidia, amalizie kama atachoka.

"Hutalimalizia wala hutaligusa, utashika kamba ya kufungia na utasimama pale penye jua nikuone, na ukiniletea tena mrija wenye harufu ya mpira nitakufunga wewe kwa hiyo kamba na kukuchemsha pamoja na koti lako."

Ishenbai ameacha kufuta. Anamtazama mkewe, kisha anamgeukia Mairamkul.

"Umemsikia?" anasema. "Hakusimama hata mara moja."